Mdogo wangu hatakuwa profesa

Alhamisi, 13 Novemba. Mvua nyepesi tangu alfajiri, ziwa lina rangi ya udongo, upepo hakuna.

Leo mchana ukoo umekutana hapa nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu Nathalie. Amerudi kutoka Lubumbashi na shahada ya udaktari ya mawasiliano, wa kwanza katika familia yetu, na hataki kufundisha chuo kikuu. Shirika moja la afya, baada ya kumjaribu siku chache, limempa kazi hapa Kalemie: kutafuta namna ya kusema na watu kuhusu kolera, yaani kipindupindu. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kusaini.

Kikao kimeitishwa na Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu. Wiki iliyopita alimkuta Nathalie kando ya ziwa, pale akina mama wanapochota maji, ameketi juu ya bidon, dumu la maji, iliyopinduliwa, anawasikiliza. Aibu ile hajaimeza bado.

« Docteur muzima anaikala juu ya bidon kama muuzisha makala ya kupikia! Niliambia parokia yote kama tuko na profesa. Sasa nitawaambia nini? »

Parokia! Kolera hakuitaja hata mara moja.

Nathalie akaeleza kwa upole wenzake waliosoma naye wako wapi. Mmoja ni msemaji wa mgodi kule Manono, mwingine anaongoza redio. Aliyebaki chuoni bado anasubiri uteuzi, anabeba mkoba wa profesa wake.

« Basi na wewe ubebe, » shangazi akacheka. « Mukoba haina kilo mingi. »

Kwetu, aliyejinyima ili mtoto asome husikilizwa kabla mkubwa hajafunga kikao. Mimi niliishia sekondari kwa sababu minerval, karo ya shule, ya watu wawili haikupatikana. Wote wakanigeukia.

« Mama Solange, sema, » Baba mkubwa akaniambia. « Ni wewe uliumia juu ya masomo yake. »

Nikiri hapa, kwa kuwa pale sikukiri: mimi pia nilimtaka profesa. Miaka yote hii nikishona sare za shule, nilijiona siku moja watu wakininyooshea kidole, wakisema, yule ni dada yake. Asubuhi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumsihi Nathalie aikatae kazi.

Lakini Jumanne nilikwenda kule ziwani.

Kabla ya hapo akina mama walikuwa wakiwakwepa vijana wa shirika lile wanaotia dawa ya kuua viini kwenye maji. Kila mtu alisema ni ujinga. Nathalie alikaa na wanawake hao siku nne, akagundua kwamba dawa haiwatishi. Walichoogopa ni daftari. Vijana walikuwa wakiandika majina, na wengi wa wanawake wale walikimbia vita kule Nyunzu. Wanajua orodha ya majina inaweza kufika mikononi mwa nani. Akaomba daftari liondolewe. Jumanne niliwaona kwa macho yangu wamepanga mstari, bidon wazi, wanangoja dawa.

Nikawaeleza hivyo wote.

« Ile hata mama wa soko anaijua, » Baba mkubwa akasema.

« Anaijua, Papa. Lakini nani alimuuliza? » nikajibu.

Baba mkubwa akaichukua kofia yake.

Nikamalizia: nilimwachia Nathalie nafasi ya kusoma, sikumnunulia kiti. Kiti atachagua mwenyewe.

Baba mkubwa akavaa kofia yake, akatoka bila kugusa ugali wala samaki. Kwetu hiyo ni kuikataa nyumba. Mama yetu akalia. Maneno yangu sikuyarudisha.

Nathalie hakungoja kesho. Amesaini palepale, kati ya sahani ambazo hazijaguswa.

Jumapili parokiani wakiuliza profesa wetu yuko wapi, nitajibu mimi. Yuko kazini.

Mama bado ananung'unika jikoni. Anung'unike. Ni saa tatu kasoro robo, nalala.