Nafasi Hairudi Yenyewe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo mzima kabisa. Wiki iliyopita tu alinisema kwa ajili ya taulo niliyoiacha kitini. Mimi bado nalala kwenye kochi la sebuleni, miguu nje.

Kazini juzi kulikuwa na kasheshe. Kompyuta ya maktaba iligoma kuandikisha vitabu, diski imejaa. Mkuu wetu, tunayemwita Pilipili, akaniamuru nifute rekodi za wasomaji waliohama zamani. Nikafuta maelfu. Diski ikabaki imejaa vilevile! Akanijia juu, eti nilikaa nikinywa chai. Ikabidi nimweleze polepole kwamba ukifuta rekodi, jedwali zinamoandikwa haliiachii ile nafasi. Linaishikilia hivyo hivyo tupu, likingoja rekodi mpya zije zikae. Ukitaka irudi kwenye diski, jedwali lote liandikwe upya, rekodi zilizobaki zibanane, na wakati huo asiliguse mtu. Tena nakala hiyo mpya nayo inataka pa kukaa, kwa hiyo nilianza kwa kuhamisha mafaili mengine nje ya diski hiyo. Tukafunga kaunta mchana, wasomaji wakanuna, na jioni diski ikapumua.

Nilimsimulia mama wakati wa kula, nikidhani namchekesha. Hakucheka. Alisema basi hata chumba chako ni hivyo hivyo: nguo zako ulizoziacha tulishazigawa, viatu pia, lakini chumba tumekishikilia, na mimi navunjika mgongo sebuleni. Akasema inatosha, kesho yake nihamie. Alisema huku anakwangua sufuria ambayo ilishatakata.

Asubuhi nikabeba godoro langu, yeye akashika ufagio. Nyuma ya mlango nikaiona ile mistari ya penseli uliyokuwa ukinipimia urefu. Wa mwisho ni ule nilipokupita, ukakataa kata kata, ukasema nimesimama kwa vidole. Dada, nimekukumbuka sana. Nikashindwa kuingia.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usinikaripie kabla hujamaliza kusoma. Nilimwambia mama umenipigia simu, kwamba unakuja mwisho wa mwezi. Lilinitoka tu. Hakuuliza unakuja na nini wala utakaa siku ngapi. Aliweka ufagio chini, akapanda kitini na goti lake lile, akashusha mapazia yako akaenda kuyafua. Tangu hapo hata taulo hanisemi.

Uongo ni wangu, naukubali. Lakini kuufanya uwe kweli siwezi peke yangu.

Wasalimie wenzako wa huko. Mama hajui kama nakuandikia. Yuko uani, anageuza mapazia yakauke upande wa pili.

Ni mimi mdogo wako,
Ngongoti