Tableti ya Zainulabedin

Hashimu, Zainulabedin amenigeuka. Huyo huyo tunayeswali naye safu moja!

Nilimwambia wazi nataka tableti ya bei ndogo, niufute mfumo wake wa kuiendesha niweke ule wa bure, Linux. Akaapa: "Mzee wangu, hii inakubali."

Haikubali. Imefungwa tangu kiwandani. Nimerudi dukani kwake kumuuliza kama alijua.

Akacheka! "Nilijua, mzee wangu, ila nilidhani unasema tu. Wazee wenzako wananunua wasikilize mawaidha."

Unasema tu! Mbele ya wateja! Mimi niliyesoma shule ya jioni mpaka kidato cha nne. Unasema tu!

Akataka kunirudishia hela. Nimemwachia tableti mezani na hela nimezikataa. Ningezipokea, angedhani tumemalizana.