Tundu la Kamongo

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mguu wa bibi yako umepona. Mimi bado nipo huku Geita, kifua kinanibana.

Unauliza utamtoaje kamongo ambaye uliona tundu lake hapo mtoni nyumbani, sasa mto umekauka. Najua namna. Kiangazi samaki huyo hujizika kwenye tope, hujifunika kwa utelezi wake, na huvuta hewa kupitia tundu hilo mpaka mvua zirudi. Mwaka mmoja wa njaa, kaka yangu Masanja alimmwagia kamongo mmoja maji kidogo kidogo huku akigonga ardhi kwa vidole, kama matone.

"Toka, shemeji, masika hayo!"

Tulicheka. Kamongo akatoa kichwa kwenye jua kali. Tulimla, lakini kile kichwa sijakisahau.

Kulwa, usimmwagie maji. Mwache. Huku tumeosha dhahabu mtoni kwa zebaki, sumu ile, miaka mingi, na mimi nimo. Wiki hii mvua kubwa imenyesha. Kila asubuhi nimekwenda kutazama tope la mto wa huku, penye matundu ya kamongo, na hakuna kilichotoka.

Mimi babu yako.