Mkoba Usiochubua Mapaja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mapaja yamekwisha. Sitii chumvi. La kulia limechubuka kama muhogo uliomenywa, la kushoto linafuata. Wiki ya pili leo tangu shirika litugawie mikoba ya baiskeli, sisi wahudumu wa afya wa vijijini. Tuligawiwa kwa hotuba tatu na soda ya moto. Mkoba wa kufunga chini ya kiti — mpana kama mto wa kulalia, plastiki ngumu, vifungo vya chuma pande zote mbili. Nani aliuchora? Mtu asiye na mapaja. Au anayo, lakini hajapata kuyapandisha baiskeli.

Nyumba mia moja na nne ndizo zangu, kutoka barabara ya Marafa hadi bondeni. Vipimo vya malaria, kipima joto, utepe wa kupimia mikono ya watoto, daftari — vyote lazima viende nami. Kwenye keria sifungi kitu, keria ni ya mgonjwa. Mgongoni nimejaribu: jasho likaingia kwenye vipimo, daktari Thuku akavitupa vyote akanitazama kana kwamba jua nimeliwasha mimi. Kikapu cha mbele kilibaki korongoni mwezi wa tatu.

Nimerudi nyumbani nimetanua miguu. Mavyaa alikuwa anakuna nazi, akasimamisha mkono. Akauliza kama kuna habari njema, nimwambie mapema. Mume wangu Kaingu yuko Marereni kwenye mashamba ya chumvi, hajaja tangu Pasaka. Kwa hiyo swali lilikuwa na meno. Nikamjibu ni mkoba, mama. Akaendelea kukuna nazi, polepole sana.

Jumatano, 11 Juni

Caroline, mwenzangu wa kijiji cha pili, hana tatizo na mkoba. Bila shaka. Mapaja yake hayajawahi kukutana. Ameniambia nipake mafuta ya nazi. Nimepaka. Sasa nateleza kitini na bado nachubuka, na nanukia wali.

Nimepita kwa Mbeyu, mke wa Lewa. Nikabisha. Sauti yake ikaniambia Mbeyu hayupo. Miguu yake naiona chini ya mlango.

Simlaumu. Mwaka jana mtoto wake wa kwanza alishikwa na degedege, wakampeleka kwa mganga akapigiwa ngoma siku tatu. Zahanati walimfikisha amekwisha poa. Mimi ndiye niliyesema, mbele za watu, tena matangani, kwamba wangekuja siku ya kwanza angepona. Ni kweli. Lakini nilisema kwa mdomo mbaya, na tangu siku hiyo hanifungulii. Amebaki na Kambi, miaka mitatu. Nataka jambo moja tu kwa yule mama: Kambi akipata homa, aje zahanati siku hiyohiyo. Jambo moja. Nalizungusha kwa baiskeli mwaka mzima, naliacha mlangoni, halichukuliwi.

Alhamisi, 12 Juni

Malindi, sokoni, kwa Njoroge wa vipuri vya baiskeli. Nikamweleza shida yangu kwa adabu — kwamba kuna mahali panasuguana. Akaelewa haraka kuliko nilivyotaka. Akanitolea kimkoba cheusi, chembamba, cha wale wazungu wanaofanya mashindano. Akaapa hiki hakigusi hata nywele.

Kweli hakigusi. Kinaingia kipima joto na andazi moja. Andazi lenyewe liwe dogo.

Nimejaribu pia kikapu cha majani ya mkoma, kwa kamba. Kinakwaruza kama paka aliyetiwa guniani. Nilifika nyumba nne tu nikarudi nikikokota baiskeli. Wazee wawili barabarani wakanipa pole ya mimba.

Jumamosi, 14 Juni

Ngumbao fundi cherehani. Kwa nini sikuanza na yeye sijui.

Alichukua utepe wake akanijia. Nikamwambia apime baiskeli. Akasema, sasa mke wa Kaingu, baiskeli ndiyo inayochubuka? Wanawake waliokuja kuchukua sare za watoto wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Mwishowe alinipandisha kitini, mtu akashika usukani, nikazungusha pedali palepale barazani huku fundi amechutama pembeni anatazama magoti yanapopita. Kazi ya aibu. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kunitazama nikiendesha kabla ya kuniuzia mkoba.

Akachora mchangani. Mwembamba mbele, unene wote nyuma. Hakuna chuma, kamba za kitambaa. Ndani ubavuni, sufi. Nje, khaki ngumu kidogo. Niuchukue Jumatatu.

Jumatatu, 16 Juni

Upo! Lakini khaki ilimwishia. Kwa hiyo ameshonea mabaki aliyokuwa nayo. Na mabaki ya Ngumbao, kwa kuwa anawashonea waganga wa kata nzima, ni yaleyale: kaniki nyeusi, bafta nyeupe, kitambaa chekundu. Amevipanga mistari. Kwa unadhifu.

Mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua vitambaa hivyo vitatu vikikaa pamoja vinatumika wapi: kwa mganga, kufungwa mkononi mwa mgonjwa. Na mimi nimezaliwa huku. Nilivitazama, nikavijua, kisha nikapanda baiskeli.

Sikuhisi kitu. Kilomita sita, mawe yote, korongo lote — paja likapita, mkoba ukakaa kimya mahali pake. Nilikaribia kulia. Nikasema rangi nitazifunika wiki ijayo. Nani anatazama chini ya kiti cha mwanamke?

Jumanne, 17 Juni

Wote. Kijiji kizima kinatazama chini ya kiti cha mwanamke.

Wa kwanza kuusifu ni Thuku, mkuu wetu wa zahanati. Yeye kwao Nyeri. Akasema hiyo ni rangi ya bendera ya Kenya, sema tu umesahau green, imeweza kabisa. Nikasema ahsante daktari.

Kisha vijijini. Nyumba ya kwanza nikaletewa kiti. Ya pili nikaletewa kiti na kivuli — walihamisha turubai. Nyumba ya tano mwanamke aliyenizidi miaka kumi ameniamkia shikamoo. Nikapokea. Ningefanyaje?

Mavyaa ameuona uani jioni. Amelitoa godoro lake chumba cha karibu na mlango akalipeleka cha nyuma.

Ijumaa, 20 Juni

Wiki ya ajabu. Niandike ili nisije nikakataa baadaye.

Lewa amechimba choo. Nimembembeleza miaka miwili, kwa picha za inzi, kwa picha za minyoo, kwa aya za Biblia. Hakuinua jembe. Jumatano niliegesha baiskeli kwenye mwembe wake, nikasema tu, Lewa, choo. Leo kina mlango.

Vyandarua vilivyokuwa vinafugia vifaranga vimerudi vitandani. Wajawazito wanne wamekwenda kliniki bila kusukumwa. Nimepewa kuku, nimemkataa, amenifuata nyumbani kwapani mwa mtu.

Na Mbeyu amefungua mlango. Ametoka nje, macho chini. Kambi amepimwa mkono, utepe umesoma kijani, analishwa vizuri. Nilimwambia homa leo, kipimo leo. Akasema ndiyo, mama. Jana nilikuwa dada, wala si dada wa kupendwa.

Aliponisindikiza niliona mkono wake umepita kwenye mkoba, kidogo tu, kama anapangusa vumbi. Nilipaswa kumwambia ni mabaki tu ya fundi. Furaha ilinizidi, sikumwambia.

Thuku ameziona takwimu zangu. Anataka kupeleka jina langu juu, niwe msimamizi wa wahudumu wote kumi na wawili. Anasema nina mbinu. Anauliza mbinu gani. Nikasema uvumilivu.

Jumatatu, 23 Juni

Caroline amemwambia. Hakunung'unika wala kusengenya. Alimweleza Thuku kwa utaratibu, kama mtu anayejaza fomu, kila rangi na kazi yake.

Nimeitwa ofisini. Thuku ameunyooshea mkoba kidole huku amerudi nyuma kidogo — nimeliona hilo. Amesema yeye si mtu wa kuamini mambo kama hayo. Amesema lakini ndani ya kiwanja chake hapana. Akaniita kwa jina: Nyevu, hiyo kitu uchome ama ufunike, na hiyo mambo ya usimamizi tutaongea baadaye.

Nikamwambia ni sufi na mabaki ya fundi. Nikamwambia kuhusu mapaja. Akasema ya mapaja asiandikiwe kwenye ripoti.

Jumatano, 25 Juni

Kuchoma siwezi. Mapaja yana makovu, yanapona, mwenye mapaja atanielewa. Ngumbao amepata khaki. Ameufunika wote, hauonekani uzi mwekundu hata mmoja. Nilimgombeza. Akasema wateja wake wengine huomba hizo rangi, mimi nimepewa bure nalalamika.

Sasa ni mkoba tu. Rangi ya udongo, mbaya, wa serikali kabisa. Ndivyo nilivyotaka.

Alhamisi, 26 Juni

Wanasema nimevifunika kwa sababu vimekuwa vikali.

Nimeambiwa hivi na mtu mzima, mwenye kitambulisho na simu ya kupangusa. Ameuliza kama watoto wakae mbali. Nyumba nyingine wameniletea viti viwili: kimoja changu, kimoja cha mkoba.

Nilisimama kwenye uwanja wa kisima nikasema kwa sauti. Kwamba mimi si mganga. Kwamba ni mkoba wa vipimo, nilishonewa kwa sababu ule wa shirika ulikuwa unanichubua. Nilisema na mahali uliponichubua, mbele za wanaume. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipomaliza bibi mmoja akanong'ona kwamba ndivyo wanavyokuwa, wakubwa wa kazi hii hawajisemi.

Ijumaa, 27 Juni

Naandikia kwenye benchi la zahanati. Mwandiko utajijua.

Asubuhi, sijapiga mswaki, Mbeyu uani kwangu. Kambi mikononi, macho yamegeuka, meno yameumana. Degedege. Homa ilianza jana jioni. Hakwenda kwenye ngoma, hakungoja siku tatu, amekuja mbio — lile jambo moja nililoliomba mwaka mzima, limekuja kwa miguu yake mwenyewe. Nikavuta baiskeli. Nikamwambia panda keria.

Hakupanda.

"Mfunge kwanza."

"Nimfunge nini?"

"Kitambaa, mama. Mfunge, kisha popote unaponipeleka naenda. Mwaka jana nilikwenda kwa mganga asiyefaa."

Nikamwambia Mbeyu, mimi si mganga, zahanati kuna sindano, ni sindano. Akatikisa kichwa kukubali. Sindano ndiyo, akasema, lakini mfunge kwanza. Nikapandisha sauti. Akarudi hatua moja, nyingine, amemkumbatia Kambi, nikaona anatazama njia ya bondeni. Huko bondeni najua anakaa nani. Mtoto akakakamaa tena.

Niligeuka nitafute kisu. Mavyaa alikwisha kukileta.

Nikapasua khaki. Nikakata mkanda wa nyekundu, nikamfunga Kambi mkononi, juu ya kiwiko. Nilifunga vizuri, Mungu anisamehe, fundo la kubana, si la kuigiza. Mbeyu akapanda keria palepale. Kilomita sita nimepiga pedali sufi inapeperuka nyuma yetu, na Mbeyu kila nyumba tunayoipita anaita kwa sauti ya juu: Nyevu amemfunga! Nyevu amemfunga! Sikuwa na pumzi ya kumnyamazisha.

Thuku alikiona kitambaa, akakisogeza juu kidogo, akatafuta mshipa chini yake. Sindano imeingia. Saa tatu Kambi amefumbua macho, akataka maji. Homa bado. Thuku anasema tungoje mpaka mchana ndipo aseme. Mbeyu amekaa chini kando ya kitanda, hatazami chupa ya dawa inayoning'inia. Anatazama mkono.

Sasa ni saa nne na nusu na uwanja umejaa. Mama wenye watoto, wa mgongoni, wa mkononi, nimehesabu ishirini na watatu. Wametoka kwenye nyumba zote tulizopita. Nusu yao hawajapata kukanyaga hapa. Wapo watoto wanakohoa tu, lakini wapo wa moto kweli, nimewagusa, watatu wanne hivi hawapaswi kungoja hata saa moja.

Thuku alitoka na sinia ya vipimo, amefurahi maskini, akashika kidole cha mtoto wa kwanza. Mama yake akauvuta mkono. Kitambaa kwanza. Wa pili vilevile. Wa tatu alinyoosha tu kidole kwenye benchi hili, kwangu, kwenye mkoba uliopasuka magotini pangu.

Akaja kuinama sikioni mwangu. Nyevu, hii ujinga umeniletea itanimaliza. Nikamwambia daktari, walioniletea mkoba wa kwanza ni shirika. Hakucheka. Wala mimi sikuwa nacheka.

Nikiwafunga, leo watapimwa wote, na kesho sitakuwa na mdomo wa kumwambia mtu kwamba ni dawa iliyomponya. Hata Mbeyu. Hasa Mbeyu. Nisipowafunga, bondeni yupo anayefunga, na kwake hakuna sindano. Nimelizungusha hili kichwani tangu saa tatu na kila upande linasugua.

Thuku amesimama barazani, amewatazama, ameangalia vipimo kwenye sinia. Akaingia ndani. Nikasikia droo inafunguliwa.

Ametoka. Amekuja na mkasi wa zahanati, ule wa kukatia bandeji. Ameushika upande wa makali, mpini ameuelekeza kwangu.