Nilivyoziba Pengo la Ratiba ya Pamba

Bariadi,
11 Agosti 2013

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima pamoja na mama, na goti lako limepungua kuuma. Kwetu ni mhola duhu, amani tupu. Winnie na watoto hawajambo.

Shangazi Milembe alinieleza kwamba unauliza kazi yangu hasa ni ipi, maana umesikia nakaa kivulini kutwa nzima na bado nalipwa. Natengeneza kurasa za mtandao. Tangu ununuzi wa pamba ulipoachiwa watu binafsi, kila kampuni inataka ionekane. Mwajiri wangu, Bwana Januarius, aliniagiza ukurasa wenye ratiba ya siku za kununua pamba katika kila kijiji.

Ukurasa huo ulinitoa jasho. Kwenye kompyuta yangu ulinyooka, lakini kwenye yake picha ilikanyaga maandishi na majina ya vijiji yakaenda upande kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nasogeza maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi tena na tena, badala ya kuipa kompyuta kipimo cha nafasi ya kuacha. Nilirekebisha kwa siku mbili, likabaki pengo moja katikati ya ratiba. Bwana Januarius akasema linafanana na jino lililong'oka, liondoke kabla ya saa tisa. Nikaliondoa, nikasifiwa, na kichwa kikavimba, sikatai.

Baba, pengo lile halikuwa kosa. Vijiji niliviandika kwenye safu yake, na siku kwenye safu nyingine isiyoshikana nayo. Watu wa kijiji cha Zagayu walikuwa hawajapangiwa siku, ndiyo maana palikuwa patupu. Nilipopaziba, siku zote za chini zikapanda mstari mmoja. Zagayu wakapewa Jumatano yenu ninyi wa Nkololo, nanyi mkapewa Ijumaa ya watu wengine.

Masele, karani wa kituo chenu, alibandika ukutani karatasi kama tulivyomchapishia. Wanunuzi, waliofuata ratiba ya awali, wakaja Jumatano, wakanunua ya wanaokaa jirani na kituo tu. Wewe ukafika Ijumaa na mkokoteni umejaa, ukaishia kuwauzia walanguzi kwa bei ya kutupa. Ukasema Masele aliificha siku ili ndugu zake wauze kwanza, na ukamrudishia ng'ombe wa mahari aliokwisha kuwaleta.

Nililigundua kosa wiki tatu zilizopita. Nikausahihisha ukurasa kimya kimya, nikawaacha mkimsema Masele. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa wewe, kwa sababu ulikwisha kuwaambia wazee wa Nkololo kwamba mwanao ana akili. Naona aibu sana.

Masele hana kosa lolote. Najua anayekusomea barua hii ni Nyamizi, na ndoa iliyovunjika ni yake. Nyamizi mdogo wangu, aliyekuvunjia ni mimi.

Jana nilimweleza Bwana Januarius, akaniambia nisirudi ofisini. Jumamosi nitakuja. Nitaanzia kwa baba yake Masele, nimwombe radhi mbele ya watu wake, ndipo niingie kwako. Sijui kama watakubali kuwaswaga ng'ombe tena.

Msalimie mama, shangazi, na majirani wote wanaoniuliza. Nyamizi, nawe nakusalimu, ila salamu hii ukiiruka una haki.

Mwanao,
Novatus Bundala