Vikinga Masikio vya Mjukuu Wangu

Mume wangu mdogo Kulwa,

Marahaba! Huku Samuye hatujambo, mtama umesimama vizuri. Unauliza kama uvae vikinga masikio mlivyopewa hapo kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, ingawa wenzako wanakucheka. Vaa, baba, vaa!

Ujanani, mimi na babu yako tulifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, mashine zikinguruma kutwa. Mimi nilijiziba masikio kwa pamba hiyohiyo, hatukuwa na kingine. Yeye alinicheka: "Unaogopa mashine?"

Juzi ulipompigia simu kwamba unaoa, aliiweka sauti kubwa, nikakusikia hadi uani! Yeye aliitikia tu, "Eee, eee." Ulipokata akaniuliza, "Kulwa anaumwa?" Ilibidi nipige vigelegele sikioni mwake ndipo akajua kuna harusi.

Bibi yako