Dakika Nne na Feni Iliyonyamaza

Nyegezi,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Adoyo,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu Krismasi, lakini naitika mapema ili salamu yako ikija isikute mlango umefungwa. Afya yako ikoje huko Uholanzi? Kile kikohozi kimekuacha? Unapika, au bado unashindia mikate? Sisi tu wazima. Mkazamjomba wako Wilhelmina anasumbuliwa na goti mvua zinapokaribia, lakini kanisani bado anafika kabla ya kengele.

Kompyuta uliyompa mwanangu Pius alipokuja huko kikazi ilifika salama. Niliitafuta barua ndani ya boksi, sikuiona. Sikukulaumu. Kwa jinsi nilivyosema mezani siku ile ya Krismasi, sikustahili hata boksi.

Nakuandikia ili nilifute neno lile. Ulikuwa umetueleza kwamba mchoro wa prosesa ya kompyuta hii mpya, yaani ubongo wake, ni uleule wa kompyuta uliyoniletea mwaka 2022, ila huko kazini kwenu mmeufinya, transista, vile vijiswichi vyake, zikawa ndogo zaidi. Nikakuuliza kasi imeongezeka kiasi gani. Ukajibu, "Kama asilimia kumi, Mjomba." Nami nikasema mbele ya watu wote, "Miaka mitatu ughaibuni kwa asilimia kumi? Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia daftari." Watu wakacheka. Wewe ukaweka kijiko chini. Kesho yake ulipanda basi bila kuniaga, na hadi leo sijapata neno lako.

Mwalimu haruhusiwi kutoa alama kwa kazi ambayo hajaisoma. Mimi nilikupa alama bila kusoma. Sasa nimesoma.

Unazikumbuka kanda za kwaya alizorekodi marehemu mama yako, dada yangu Dorcas? Nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta na kuziondolea mikwaruzo. Nilichukua kanda moja, nikaisafisha kwa kompyuta zote mbili, mara tatu kila moja, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu. Ya zamani ilitumia dakika arobaini na moja. Mpya, thelathini na saba. Dakika nne tu. Nakiri kwamba nilifurahi, kwa kuwa niliona nilikuwa sahihi.

Nilimpelekea matokeo hayo Nkwabi, fundi wa kompyuta wa Buzuruga. Yeye hakufurahi. "Mwalimu, umepima kitu kimoja tu," alisema. Alinieleza kwamba prosesa, hata ikiwa na haraka namna gani, huisubiri kumbukumbu ya kompyuta iiletee data. Hilo nililielewa kwa sababu ya Busisi: kabla ya daraja kujengwa, basi jipya na basi kuukuu yote mawili yalisubiri kivuko kilekile cha ziwani. "Sasa nenda ukapime umeme na joto," akaniagiza, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Nikaenda. Kwa betri peke yake, kompyuta ya zamani ilizimika kabla ya kumaliza kanda ya pili. Mpya ilimaliza tatu, na chaji ikabaki. Ya zamani ilikuwa haishikiki kwa joto, na feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga mahindi, hata sikuweza kusikiliza chochote kazi ikiendelea. Mpya ilikuwa vuguvugu tu. Feni ilinyamaza.

Katika ukimya huo, mwishoni mwa kanda ya mwaka 1999, nilisikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Wimbo umekwisha, na mama yako anamgombeza binamu yetu Odoyo: "Wewe unaimba besi au unaita ng'ombe?" Watu wanacheka. Kisha inakuja sauti ndogo, yako, ulikuwa na miaka mitano: "Mama, tumemaliza?" Naye anakujibu kwa upole, "Bado, mwanangu. Tunaurudia wimbo uleule, mpaka utoke vizuri."

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena, Adoyo. Kumbe kazi niliyoicheka ulifundishwa na dada yangu.

Jumapili iliyopita niliwaita wote waliokuwa mezani siku ile. Niliwasikilizisha kanda hiyo, kisha nikasimama, nikasema kwamba nilikosea na kwamba Adoyo alistahili heshima. Odoyo alicheka huku akifuta macho. "Dorcas hajaniacha hata leo!" alisema.

Nisamehe, mwanangu. Sauti hiyo Pius atakutumia kwa simu. Nimemwomba asubiri barua hii ikufikie kwanza.

Wilhelmina, Odoyo na Pius wanakusalimu sana. Mungu aliyekulea kwenye benchi la kwaya, ukisinzia miguuni pa mama yako, akulinde huko uliko.

Krismasi hii kiti chako kitakuwepo mezani. Kijiko kiko palepale ulipokiweka.

Mjomba wako akupendaye, ingawa alichelewa kusema,

Zadok Ooko